Ukuta Mrefu wa Ndululu

Ndululu wa Kalamba aliishia darasa la tano, kwa hivyo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mto ni somo gumu. Aliujua tu. Mvua ikinyesha, maji hushuka mbio yamebeba mchanga na matope. Mchanga ni mzito, hulala kwanza. Matope huendelea na safari mpaka pwani, mto huo ukiitwa Sabaki unapomwagika baharini, yakajenge huko mbuga za nyasi za chumvi. Kwa hivyo ukuta wa mtoni unaujenga kimo cha goti: mchanga unabaki, matope yanaruka juu. Mvua nyingine, goti lingine. Baada ya miaka kadhaa una mchanga mtupu ulioshiba maji, na hata Septemba unachimba kidogo tu unachota.

Mwethya wake, kundi la akina mama la kazi za pamoja aliloliongoza kama mwenyekiti, ulikuwa umefikisha magoti mawili mheshimiwa wa wadi alipotokea, uchaguzi ukinukia.

"Mwaitu, mama yetu, Mungu aliumba dunia kwa siku sita. Nyinyi ukuta miaka minne?"

"Mungu alitaka matope, ndiyo maana akapata watu kama wewe. Mimi nataka mchanga."

Akina mama walicheka mpaka mabeleshi yakaanguka. Mheshimiwa naye akacheka, kisha akasema ataleta simiti, ukuta uishe wote mara moja, na jina la Ndululu lichongwe kwenye jiwe la ufunguzi.

Hapo kicheko kikamkauka Ndululu. Miaka sitini na moja, jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kitambulisho na kwenye ratiba ya mazishi ya mumewe. Basi.

"Sawa," akasema.

Ukuta uliisha kwa wiki mbili, mrefu kama lori. Pasta akauombea, utepe ukakatwa. Novemba mto ukaja, ukagonga ukuta, ukatulia. Na maji yakitulia, hata matope huketi. Safari yote ya pwani ikaishia Kalamba. Watu wakapiga picha za ziwa.

Kufikia Agosti, Kasiva, jirani yake, alichimba mpaka kwapani akatoa konzi ya udongo wa kijivu.

"Mwenyekiti, maji hakuna. Lakini vyungu tutafinyanga."

Ndululu akaita mwethya waje wabomoe sehemu ya juu, mvua ijayo isombe matope. Zamani walikuja ishirini. Safari hii alikuja Kasiva, na naibu wa chifu.

"Mwaitu, hiyo ni mali ya umma. Ukigonga, nakufunga."

"Na maji yetu yalikuwa mali ya nani?"

"Hayo hayakuandikwa popote."

Ndululu akaiweka nyundo chini.

Siku hizi huswaga punda kilomita tisa hadi kijiji cha mama mmoja, Syombua, ambako ukuta bado ni wa magoti matatu na mchanga unatoa maji. Syombua ndiye hupanga foleni.

"Wenyeji kwanza," humwambia. "Wewe kaa hapo, mwenyekiti. Si nyinyi ndio wa ukuta mkubwa?"

Naye hukaa.