Picha ya Nne

Leseni yangu ilikuwa imebakisha siku tatu iishe, na mimi bado naogopa simu yangu mwenyewe. Naendesha gari la shule huku Lanet, mwaka wa tisa sasa. Bila leseni sina kazi.

Zamani, kuifanya upya, ulilipa ukaenda zako. Siku hizi kompyuta ndiyo inaamua. Inachambua makosa yako yenyewe: ukiwa msafi unapewa miaka mitatu papo hapo, na nyota ya dereva mwema. Ukifikisha makosa manne, leseni inafungwa hadi urudie mtihani. Na kompyuta utaibembeleza vipi? Mwalimu mkuu alishatuambia kwamba dereva asiye na nyota hatabeba watoto wake.

Uendeshaji wangu haukunitia wasiwasi. Mimi hata mkokoteni naupisha. Shida ilikuwa pikapu. Ndugu yangu mkubwa alipoinunua ili abebe viazi kutoka Kuresoi, karatasi zake za kodi zilikuwa na matatizo, akaiandikisha kwa jina langu. "Ni jina tu, siz," akaniambia mimi dada yake. Kwetu ni kawaida, nusu ya magari ya ukoo yana jina la mtu asiyewahi kuyaendesha. Nami nikakubali, mjinga mimi!

Nilifungua ukurasa wa leseni kwenye simu jioni, baada ya kushusha watoto, nimejifungia ndani ya gari. Nilikosea nambari ya siri mara mbili. Ukurasa ukatokea mwekundu. Makosa manne ya mwendo kasi, yote ya pikapu, yote barabara ya Naivasha. Chini kulikuwa na swali: ni wewe uliyekuwa ukiendesha? Ukikubali, leseni inafungwa. Ukikataa, andika jina la aliyeendesha.

Nikampigia ndugu yangu.

"Aki siz, nikubalie tu," akasema. "Leseni yangu iliisha mwaka juzi. Wakinipata nimekwisha. Wewe utapita huo mtihani ukiwa umelala."

Akacheka. Mwaka juzi! Sikujua. Nilitaka kumtukana, lakini huyu ndiye aliyebeba magunia sokoni ili mimi nimalize shule. Ningemwandikaje? Nikamwambia sawa, nikakata, nikalia kidogo. Kazi ilikuwa imeenda.

Kabla ya kubonyeza nikafungua picha za kamera za barabarani, nione tu kosa ninalobeba. Ya kwanza, viazi. Ya pili, viazi. Ya tatu, vumbi tupu. Ya nne ilikuwa ya Ijumaa ya kufunga shule, karibu na Longonot, kilomita mia na ishirini na tisa kwa saa. Uso wake ulionekana wazi, simu sikioni. Kando yake alikuwa binti yangu wa gredi ya sita, amepiga magoti kwenye kiti, hana mshipi, paji la uso karibu liguse kioo.

Mimi ndiye niliyemtuma anko wake akamchukue bwenini. Siku hiyo nilikuwa nikiwafikisha watoto wa wenyewe, kila mmoja nimemfunga mshipi kwa mkono wangu. Msichana alifika akaniambia, "Mami, anko anajua gari!" Nikacheka naye, nikampa chai.

Nikaikuza ile picha hadi nikaona meno ya binti yangu. Alikuwa anatabasamu.

Simu ikaita. Ni ndugu yangu.

"Siz, umeshabonyeza?"

"Bado. Naandika."

"Unaandika nini?"

"Jina lako," nikamwambia.