Gari Lenye Mtu Ndani Lisifungwe

Kifungu kile nilikiandika kwa nia njema. Nilikuwa najitolea katika ofisi moja hapa Tabora, sitaitaja, na mkuu wangu alinipa kazi ya kwanza yenye maana: niandae rasimu ya kanuni za kufunga magari minyororo barabara ya maduka, Gongoni. Watu walikuwa wanaegesha mpaka kwenye lango la zahanati. Kanuni zingejaribiwa mwezi mmoja, kisha mkuu angeamua mambo mawili: kama ziendelee, na kama mimi nipewe mkataba.

Nikaanza kuwaza. Je, mfungaji akifunga gari na ndani kuna mtoto amelala? Jua la Oktoba la Tabora nalijua. Nilimfikiria yule mtoto mpaka nikampa jina. Nikaandika: gari lenye mtu ndani lisifungwe. Nikasoma mara kumi na moja, nikaridhika, na hapo ndipo nilipopaswa kuogopa.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, mfungaji, kijana mpole wa Mtendeni, akaja ofisini na minyororo yake yote begani.

"Hakuna gari la kufunga," akasema.

"Wametii?"

"Wamejaa. Twende ukaone, kaka."

Magari yalikuwa palepale, lango la zahanati halionekani, na ndani ya kila gari alikaa mzee. Mmoja alisoma gazeti. Mwingine alichambua mchele kwenye ungo.

"Nikisema shikamoo naitikiwa marahaba," mfungaji akaninong'oneza, "kisha naulizwa mimi wa ukoo gani, mama hajambo, mvua huko kwenu vipi. Salamu zikiisha, mwenye gari kashamaliza kununua. Na hata asipomaliza, nitamwambiaje mtu mzima ashuke?"

Katika pikapu nyeupe iliyoziba lango kabisa, alikaa bibi yangu. Sisi hatuna pikapu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekonda. Huko ofisini hawakulishi?"

"Hili gari la nani?"

"La muuza asali, jirani yetu. Jana nilikaa kwenye lile la kijani, lakini kiti chake kinauma mgongo."

"Kwani kifungu hiki mmekijuaje?"

"Si ulikuwa unakisoma kwa sauti sebuleni? Mara ya nne nilishakishika. Nikawaeleza wenzangu wa Chemchem. Mji huu umeshaona minyororo ya kutosha tangu enzi za watumwa, mjukuu wangu."

Nilikuwa bado natafuta jibu la kisheria bajaji iliposimama nyuma yetu. Ilibeba mama mjamzito, na haikuwa na pa kupita. Akashuka, akapenya kati ya magari, mkono mmoja kiunoni na mwingine kwenye boneti ya pikapu. Bibi alimtazama mpaka akaingia.

"Mwite muuza asali," akasema, "atoe gari lake. Na wewe chukua kalamu."

Nikachukua.

"Andika dereva, usiandike mtu. Awe mtu anayeweza kuliondoa gari."

"Na mtoto aliyelala?"

"Mtoto akikutwa, mwenye gari aitwe kwanza. Langoni asisamehewe yeyote, hata mimi."

Njia nzima nilijiuliza kama ni halali sheria kurekebishwa na mtuhumiwa. Mkuu alisoma marekebisho mara moja tu, jambo lililonitia wasiwasi.

"Haya umeyapata wapi?"

"Kwa mdau."

"Mdau gani?"

Nikamweleza. Alifunika uso kwa faili, mabega yakimtikisika kwa muda mrefu kuliko nilivyoona ni lazima. Mwezi ulipokwisha lango lilikuwa wazi, na akanisainia mkataba wa miezi sita.

Bibi alininunia siku mbili kwa kumnyang'anya kiti. Siku ya tatu nilirudi nyumbani jioni nikaikuta pikapu nyeupe uwanjani kwetu. Bibi alikuwa nyuma ya usukani, na muuza asali, kapauka uso, alikuwa anamwonyesha klachi ilipo.

"Umeandika dereva," bibi akaniambia kupitia dirishani. "Hukuandika wa umri gani."

Pikapu iliruka mbele kidogo, ikazima. Mimi nilibaki mlangoni nikiwaza kama nimeshachelewa kuongeza neno leseni.