Laini Ilipoacha Kuchelewa

Sisi Wapemba tulikuwa tukijua kusalimiana. Humuulizi mtu hali yake tu ukapita. Unamuulizia watu wa nyumbani kwake mmoja mmoja, kwa majina, naye anajibu kwa kila mmoja, hata kama jibu lenyewe linamkwama kooni. Siku hizi watu wanatumiana kidole gumba kwenye simu, wanakiita salamu. Jirani yangu wa Madungu, Bi Mgeni binti Shaame, aliishika ile ya zamani mpaka ikamponza.

Mdogo wake, Bi Time, aliolewa Maskati miaka ya baada ya Mapinduzi. Kila Ijumaa baada ya sala walizungumza. Enzi hizo sauti ilipandishwa hadi kwenye satelaiti, ikateremshwa Uarabuni, na jibu likarudi vivyo hivyo. Ukiuliza, unangoja. Vijana waliitukana ile laini. Bi Mgeni aliipenda.

Nilijua kwa nini. Mwanawe wa pekee, Jaribu, alikwenda bara, akaacha hata kupiga simu. Mama akabaki peke yake katika nyumba ya marehemu baba yake na Time. Na Time alikwishaapa: "Siku Jaribu akikuacha, nakuja kukuchukua. Nyumba tunaifunga." Basi kila Ijumaa salamu ilipomfikia Jaribu, Bi Mgeni alijikusanya kwanza, ndipo akasema, "Hajambo, katoka kidogo." Kule Maskati mdogo mtu alidhani laini inachelewa.

Kisha Time akataka dada yake avutiwe faiba. Fundi Himid akaja na waya wake wa kioo, amefurahi kama bwana harusi.

"Bibi, sasa mtazungumza kama mmekaa jamvi moja!"

"Nani kakwambia nataka jamvi moja? Mie nicheleweshee."

Himid akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Mwanga unaobeba sauti ukiingia kwenye kioo hupunguza mwendo, bibi, hilo kweli. Na waya ukiwa mrefu, unachelewa zaidi."

"Basi urefushe."

Akaleta mzingo mzima wa waya uliobaki garini, akauunga, akautundika ukutani. "Huu ukiunyoosha unafika Wete."

"Wete mbali," alisema Bi Mgeni, akaridhika.

Yeye Wete aliipima kwa miguu ya baba yake, aliyekuwa akiondoka alfajiri na kufika jua limeshapanda. Kwa mwanga, Wete si safari. Hakuna sikio la binadamu linaloweza kuusikia ucheleweshaji huo. Himid alilijua hilo, lakini alikuwa ameshapewa chai na mkate wa kumimina, akaona haya kusema.

Ijumaa ilipofika nilikuwa kibarazani kwake. Simu ilikuwa na sauti kubwa, maana masikio yake yalishazeeka.

"Dada, hujambo?"

"Sijambo."

"Miguu je?"

"Haijambo."

"Mzee Pandu je?"

"Yuko hapa, kanuna kama kawaida yake," akasema, akinitupia jicho.

"Jaribu je?"

Bi Mgeni akajikusanya. Akautazama mzingo ukutani.

"Dada? Mbona kimya?"

"Laini, mdogo wangu. Inachelewa."

"Hii haichelewi, dada. Nawasikia hata kuku wako." Kisha, polepole: "Kaondoka lini?"

Zamani ukinyamaza, laini ndiyo iliyonyamaza. Sasa ukinyamaza, umenyamaza mwenyewe. Bi Mgeni aliiweka simu mapajani, wala hakuikata. Time aliendelea kuita, sauti safi kabisa, kama yuko uani.

Time alikuja kumchukua kabla ya karafuu kuanuliwa. Bi Mgeni alitoka amejifunga kanga mbili, hakugeuka nyuma, akaniachia ufunguo.

Sasa nakaa kibarazani kwangu na hakuna anayepita akaniuliza watu wangu kwa majina. Ijumaa nyingine Bi Mgeni hunipigia. Huanza na miguu yangu, halafu kuku, halafu hupunguza sauti.

"Nyumba je, Mzee Pandu?"

Mchwa wameshakula mlango, na paa la jikoni limelala chini.

"Haijambo," namjibu upesi, kimya kisije kikanitangulia.