Mwasha Taa Aliyegeuka

Wifi yangu hajui kuongea. Namsema hapa kama ninavyomsema mbele yake, maana wifi asiyesemwa huota mapembe. Ukimuuliza habari za jirani atakujibu "yupo," basi. Lakini mpe fidla yake, mwambie akupigie huyo jirani, na utamsikia mtu mzima anashuka ngazi, anasimama kushika kiuno, anawafokea watoto, kisha mwenyewe anacheka.

Hiyo ndiyo kazi inayomweka mjini: kupiga muziki wa filamu za katuni. Chumba chao cha kazi, yeye na wenzake, kiko juu ya duka la mapazia, na madirisha yamezibwa kwa magodoro ili honi za barabarani zisiingie. Mchoraji humletea picha zikiwa bubu, hazina hata mlio wa mlango, naye hukaa akizitazama mpaka ajue huyu mhusika ni nani. Halafu humtafutia mtu wa kweli, akaiba mwendo wake au kicheko chake, akakigeuza tuni. Aliwahi kumpigia kuku mmoja mmbea, asiyetamka neno filamu nzima. Fidla ilipoanza tu kutetea kama kuku, wanangu wote walinigeukia. "Mama, huyo kuku si wewe?" Nilimnunia wifi siku kadhaa, ingawa moyoni nilijua kuku yule ni mimi mtupu.

Mumewe alikuwa kaka yangu. Alifanya kazi zamu ya mchana, na kabla ya kutoka alifunga kamba za viatu koridoni huku akipiga mluzi mfupi, unaopanda, unasita, kisha unashuka taratibu. Tulipomzika nilihamia kwa wifi pamoja na wanangu ili asikae peke yake. Na mluzi haukukoma. Kila siku tukishamaliza chakula cha mchana tuliusikia palepale koridoni. Viatu havikuwepo. Mlango haukufunguka.

Mara ya kwanza niliangusha sahani. Lakini binadamu huzoea. Nikawa naacha vyombo kwenye maji, nakwenda kusimama koridoni, nasikiliza mpaka mwisho, na roho yangu inatulia. Wifi yeye alikuwa akiinuka kimya na kujifungia chumbani. Nikadhani anaogopa, nikamcheka kimoyomoyo.

Siku moja mluzi haukuja. Kesho yake pia haukuja.

"Wifi," nikamuuliza, "mbona kimya?"

"Nimeupeleka kazini."

"Umepeleka nini?"

"Mluzi. Nimempa mwasha taa."

Mwasha taa ni mhusika wa katuni waliyokuwa wakiimalizia. Amevaa kofia pana iliyomfunika uso, anamrudisha kwao mtoto aliyepotea kwenye ukungu, kisha anaondoka zake. Hasemi chochote. Wifi alikuwa amemtafutia tuni kwa muda mrefu bila kuipata.

Nikawaka. "Yule alikuwa kaka yangu kabla hajawa mume wako! Unamtia kwenye katuni, watu wamtazame huku wanatafuna bisi? Wala hukuniuliza! Kumbe asiyekuwepo na lake halipo?"

Hakupandisha sauti. "Wewe ulikuwa unamsikia kaka yako yupo. Mimi nilikuwa namsikia mume wangu anaondoka, wifi. Kila siku ananiacha, kila siku."

Niliondoka nimefura. Asubuhi nikapanda juu ya duka la mapazia kudai mluzi ufutwe urudi nyumbani. Nilitarajia ugomvi. Badala yake mchoraji alinivutia kiti haraka.

"Afadhali umekuja, dada. Tuna balaa hapa. Tazama."

Akaiendesha sehemu ya mwisho bila sauti. Mwasha taa anaingia kwenye ukungu, ametugeuzia mgongo, anafifia, basi. "Hivyo ndivyo nilivyochora," akasema. Kisha fundi sauti akafungua muziki. Fidla ikapanda, ikasita, na pale iliposita yule mtu akasimama. Akageuka, polepole. Chini ya kofia palikuwa na uso.

"Uso sikuuchora mimi," mchoraji akanong'ona. "Ndani ya ile kofia nilipaka weusi mtupu. Tukizima sauti hageuki. Nani huyu?"

Nilisogeza kiti karibu. Kope la kushoto lilikuwa limelegea kidogo, kama la kaka yangu tangu tukiwa wadogo. Alitutazama kama mtu aliyeshika kitasa, anasubiri kuambiwa haya, nenda. Nilimpenda na nilimwogopa, vyote kwa pamoja.

Wifi alikuwa kwenye kona, fidla mapajani. "Mimi simwoni akigeuka," akasema. "Mimi nimeshamuaga. Anakungoja wewe."

"Filamu inakabidhiwa leo," mchoraji akasema. "Tufute mluzi, dada? Sema wewe, ni wa kwenu."

Neno "futeni" lilikuwa mdomoni tayari. Wangefuta, na mchana ule ule ningemkuta koridoni. Nikamtazama wifi. Alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vimekaza upinde mpaka vimepauka, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Na hakimu ni mimi, kuku mmbea.

"Msifute," nikasema. "Rudisheni mwanzo, mwendeshe tena."

Wakairudisha. Fidla ikapanda, na kabla haijasita nikamwambia kwa sauti, mbele za watu, "Kaka, nenda. Sisi tutakaa."

Hakugeuka. Alikwenda tu, ukungu ukimla mabega, tuni ikishuka naye. Nilikuwa nimemruhusu mwenyewe, kwa mdomo wangu huu huu. Hata hivyo nikaruka kutoka kitini nikamwita kwa jina la utotoni, ambalo sisi wawili tu tulilijua, na ule mgongo haukusita hata kidogo.