Mama Mkwe wa Kwenye Riwaya

Jirani yetu hapa Etobicoke ni mama wa Kinepali, na anaandika riwaya kwa Kiingereza kuhusu familia za kwao. Jumamosi nilienda kumtengenezea printa, nikakuta hataki tena kuchapa chochote. Mama mkwe wake amekuja kutoka Nepal, amesikia kuna kitabu, na anataka asomewe sura inayohusu mama mkwe. Kwenye hiyo sura, bibi mmoja anamkataza mke wa mwanawe kuingia jikoni akiwa kwenye siku zake, na usiku anamlaza sakafuni.

"Nikimsomea hii atadhani ni yeye," jirani akaniambia. "Afadhali niifute yote."

Mimi sina subira. "Auntie, si umsomee tu yaishe?"

Akasoma, huku akitafsiri kwa Kinepali. Mama mkwe alikuwa anamenya kitunguu saumu na hakuinua kichwa hata mara moja. Mimi nilikuwa naangalia mlango. Mwishowe yule mama akasema maneno machache, na jirani akanigeukia kunieleza.

"Anasema huyu bibi wa kwenye riwaya yangu ni mpole mno. Mama mkwe wake yeye alikuwa anamlaza zizini na ng'ombe, hata alipokuwa na mtoto mchanga."

Jirani akatafuta kalamu. Hakufuta kitu, aliongeza zizi.

Mama mkwe akasema tena, na jirani akacheka sana. Eti aandike tu, lakini aseme bibi huyo ni wa kijiji kingine.