Sheria Katika Mkoba wa Tarishi

Mabula alikuwa tarishi wa baraza la mtemi, upande wa Shinyanga, na tangu mwaka wa hamsini na moja alibeba mkobani sheria ambayo ingemfanya awe baba wa mtoto wake mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuibeba tu. Tarishi hana mdomo barazani.

Kwa mila ya Wasukuma, mtoto ambaye mama yake hakutolewa ng'ombe ni wa ujombani. Mabula alikwenda Geita kuchimba dhahabu ili apate ng'ombe wa mahari, akawapata, lakini mkewe akafa kwa homa kabla hawajafikishwa kwao. Mzee Mageni, baba wa marehemu, akawakataa. "Ng'ombe wa maiti sipokei," alisema. Akamwachia Mabula amlee binti yake, Sikujua, ila kila mtu alijua kwamba akishavunja ungo, babu atakuja kumchukua.

Ndipo wazee wa baraza wakaandika sheria mpya: baba aliyemlea mtoto aweze kumkomboa kwa ng'ombe, ujombani wapende wasipende. Wote wakaikubali. Mabula, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitoka nje akalia kwa furaha. Maskini, alidhani kukubali na kupitisha ni kitu kimoja.

Akaipeleka bomani kwa baiskeli. Ikarudi: ukurasa wa pili hauna muhuri. Ulipopigwa muhuri, mtemi akafariki, na mila ni mila, hakuna shauri jipya linalozungumzwa mpaka mtemi mwingine akae kitini. Wakagombea kiti hicho mwaka mzima. Alipopatikana mtemi, mvua zikaanza, wazee wakakimbilia majembe yao. Kiangazi kilipofika, mkubwa wao akasema, "Tulale nalo kwanza," na wenzake kwa heshima wakalala nalo. Walilala hasa! Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini hapa tumbo lililoumia lilikuwa moja, tena la mtu asiyeulizwa kitu.

Mwaka wa nne karatasi ikapanda Dar es Salaam, na Sikujua alikuwa ameshafika begani kwa baba yake. Athanas, karani wa baraza, mtu wa Ushirombo, akamvuta Mabula pembeni.

"Baba Sikujua, mchukue mtoto mwende Geita. Kule mgodini watu wametoka kila pembe. Nani atakuuliza habari za ng'ombe?"

"Nitoroke, karani? Mimi ninayebeba sheria?"

"Sheria iko Dar es Salaam. Mzee Mageni yuko hapo ng'ambo ya mto."

"Si imebaki sahihi moja tu? Uliniambia mwenyewe."

"Nilikuambia mwaka jana."

Mabula hakwenda. Aliona aibu kuivunja mila wakati dawa yake iko njiani, na mpaka leo sijui nimcheke au nimlilie.

Wakati wa mavuno Mzee Mageni akaja na wanawe wawili. Hapakuwa na ugomvi. Walisalimia vizuri, wakala ugali, wakanawa. Sikujua akaushika mwimo wa mlango.

"Baba, waambie."

Mabula alitafuta la kuwaambia. Mila yao aliijua, na sheria yake aliijua neno kwa neno, lakini ya kwake ilikuwa bado karatasi.

"Nenda na guku, ng'wanone," alisema. Nenda na babu, mwanangu.

Kabla ya mvua, Sikujua aliozwa Nkome, kando ya ziwa, kwa mchuuzi wa dagaa mwenye wake wawili.

Sheria ilifika mwaka uliofuata. Mabula mwenyewe aliipigilia misumari kwenye mlango wa baraza, na Athanas akaisoma kwa sauti.

"Na waliokwisha kuchukuliwa?" akauliza mtu mmoja.

Athanas aliinama juu ya karatasi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Inaanzia leo," akasema.

Kijana mmoja aitwaye Marcel, amembeba bintiye mgongoni, alimshika Mabula mkono kwa mikono miwili.

"Asante, baba, umetuletea. Na wewe unaye wa kumkomboa?"

"Hapana," Mabula akajibu. "Yupo binti mmoja kule Nkome. Ni mjukuu wa Mzee Mageni."