Keriako na gitaa lenye shingo ya fahali

Ni asubuhi kijijini Sindeni, wilayani Handeni, na mashine ya kusaga inanguruma kiasi kwamba akina mama wanaosubiri unga wanasemezana kwa mikono. Anayemimina mahindi ni Keriako Moringe, kijana wa miaka ishirini na sita. Shuka lake jekundu limegeuka jeupe kwa vumbi la unga, na kichwa kinamtikisika kwa mdundo anaousikia yeye peke yake.

"Huyu akili zake zimo humo kwenye injini," anasema Swaumu, mteja wake wa siku zote. "Lakini kwa gitaa mwacheni. Hapo ametuweza."

Wafugaji wa tambarare hizi wanajulikana kwa mengi, na gitaa la umeme si mojawapo. Ila tangu milango ya biashara ilipofunguliwa, mitumba huja na yake. Keriako alinunua koti mnadani, akakuta mfukoni kanda ya muziki mzito, ule ambao wapenzi wake huuita metali. Nyuzi za magitaa zimelegezwa hadi sauti inatokea chini kabisa.

"Nilishtuka," anasema. "Wazungu wale wananguruma kama morani wakicheza. Nikasema, sauti hii ni ya kwetu, wamesahau tu kuirudisha."

Mshahara wake wa mashineni, shilingi elfu kumi na tano kwa mwezi, huishia tumboni. Alimwangukia baba yake, Mzee Moringe, ambaye baada ya kusuasua sana alitoa mtamba mmoja auzwe. Sharti likawa hili: gitaa lisiponguruma kama wanaume, Keriako aachane na mambo hayo na arudi machungani.

Basi akaenda Korogwe, kwenye duka la vyombo vya mitumba la Athuman Sabiri, na huko akafanya kosa la mfugaji. Aliona gitaa jekundu linalong'aa, akakumbuka fahali mwekundu wa ukoo wao, akalipa bila kuuliza.

Nyumbani, kila alipolegeza nyuzi, zilining'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Shingo ya gitaa ilikuwa fupi. Daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi, lilikaa juu ya springi, hivyo ukilegeza uzi mmoja nyingine zote zinapotea njia. Mzee Moringe alisikiliza kidogo, akainuka.

"Sikutoa mtamba ili ununue mbuzi," alisema. Akampa mwanawe muda hadi siku ya mnada.

Keriako alirudi Korogwe na gitaa lake jekundu. "Alikuja amenuna," anakumbuka Athuman. "Nikamwonyesha mengine ya bei ileile. Safari hii rangi hata hakuitazama. Akayapima kama yuko kwenye zizi."

Alipitisha kiganja shingoni kwa kila gitaa, akapima urefu kwa shubiri, akatikisa daraja aone kama linacheza. Akaishia kwa gitaa jeusi lililochubuka, ambalo wateja walikuwa wakilipita tu. Shingo yake ilizidi nyingine kwa vidole viwili, na daraja lilikazwa kwa skrubu. Chini ya nyuzi kulikuwa na sumaku pacha, zile zisizovuma ovyo gitaa likipigwa kwa nguvu. Athuman akalifunga nyuzi nene.

"Tulibadilishana mkono kwa mkono, nikajua nimemlalia," anasema Athuman. "Kumbe niliyeliwa ni mimi."

"Ng'ombe hanunuliwi kwa rangi," anasema Keriako. "Fahali anavuta kwa shingo. Na gitaa vilevile: shingo ikiwa ndefu, uzi unabaki umekaza hata ukiushusha. Nimekua na mifugo, na bado rangi ilinipumbaza."

Siku ya mnada aliunga amplifaya kwenye betri ya gari, akashusha nyuzi, akapiga. Vikombe vya chai vilitetemeka mabandani. Mzee Moringe akashusha kidevu kifuani na kutoa kooni ile sauti nzito ya wanaume, sawasawa na gitaa. Wazee wenzake wakaitikia. Watu waliacha kupatana bei wakaja kutazama.

"Nilitaka kulia," anakiri Keriako. "Morani halii, kwa hiyo nikazidisha kupiga."

Sasa anajiandaa kurekodi kanda yake ya kwanza, na ameshapata mpiga ngoma kutoka Kwashemshi. Nani ataimba?

"Nilipanga niimbe mwenyewe," anasema. "Mzee amekataa. Anasema sauti ya chini ni ya kwake, mimi nishike gitaa na nisimcheleweshe."